Nyumba ya Kupanga na Barua Iliyolala Masijala

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani, Chemchem, Tabora



Twataka kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulizungumza nyumbani kwake, lakini mara chache sana hulizungumza mkutanoni. Jambo lenyewe ni matengenezo ya nyumba tulizopangishwa na Serikali, na halmashauri, na mashirika ya umma. Tumechagua kulisema sasa, kabla ya mvua, kwa kuwa huku Unyamwezini mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba hivi na kuendelea hata Aprili, na bati lililotoboka halisemi neno mpaka siku ya mvua ya kwanza.

Hatukuja kulaumu watu. Twataka kuonyesha kwamba ugomvi mwingi wa matengenezo hauanzi juu ya paa. Huanza mezani: katika barua isiyoandikwa, au iliyoandikwa ikalala, au iliyojibiwa pasipo kutajwa siku. Na meza hiyo, Mabwana na Mabibi, ni meza yetu sisi makarani. Sisi ndio wapangaji tunaovujiwa, na sisi ndio tunaopokea barua za wanaovujiwa.

Nyumba za zamani

Tuanze na nyumba za zamani za nchi hii. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, mji ambao ndio mwanzo wa Tabora yetu, waliwakuta wafanya biashara Waarabu wa Unyanyembe wakikaa katika matembe. Tembe la Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, limejengwa upya na kufanywa nyumba ya makumbusho. Hata leo watu huenda kulitazama.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa. Miti hulazwa juu ya kuta, juu ya miti hupangwa fito, na juu ya fito udongo hushindiliwa. Paa la namna hiyo huzuia jua la mchana, na usiku wa baridi hulinda joto la meko. Lakini lina sharti moja: kila mwaka, kabla ya mvua, mtu hana budi kupanda juu, kuziba nyufa na kuongeza udongo. Mwaka ule mmoja ukiachwa maji hupenya, mchwa hufuata unyevu, miti huoza, na paa hushuka. Katika siku zile aliyelala ndani ndiye aliyekuwa na nyumba, na ndiye aliyepanda juu. Hapakuwa na barua baina ya macho yake na mikono yake.

Nyumba ya kupanga imeyatenga mambo hayo mawili. Anayeuona ufa si mwenye nyumba; na mwenye nyumba, ambaye ni ofisi, hana ngozi ya kusikia baridi wala pua ya kunusa kuvu. Macho ya ofisi ni barua ya mpangaji, na mikono yake ni fundi anayetumwa kwa karatasi. Karatasi ikikatika njiani, ofisi imekuwa kipofu na kiwete kwa wakati mmoja, hata kama ndani yake wamejaa watu wema.

Mwenye nyumba ni nani?

Neno la kwanza la kujua ni nani hasa mwenye nyumba, kwani malalamiko mengi hupelekwa mlango usio wake. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 zilikuja pamoja nayo nyumba za watumishi wa reli. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 2002 ukaanzishwa Wakala wa Majengo kuangalia majengo na nyumba za Serikali, na tangu mwaka huo huo maelfu ya nyumba za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakikaa ndani yake. Tena ziko nyumba za halmashauri, na za shule, na za hospitali, ambazo husimamiwa na idara zenyewe.

Kwa hiyo nyumba mbili zinazotazamana katika mtaa mmoja, zenye rangi moja na mlango wa namna moja, zaweza kuwa na wenyewe wawili mbali mbali, na ya tatu ikawa imekwisha kununuliwa na mtu binafsi ambaye sasa hutengeneza paa lake kwa fedha yake mwenyewe. Mpangaji anayempelekea barua asiye mwenye nyumba hupoteza majira mazima ya mvua. Jambo la kwanza la kufanya mtu akabidhiwapo ufunguo ni kuuliza: nyumba hii ni ya nani, mkataba wake uko wapi, na matengenezo huombwa kwa nani?

Sheria yasemaje?

Jambo la pili ni kujua mzigo upi ni wa nani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, imeweka masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika upangaji hata kama hayakuandikwa. Nyumba au chumba cha kukaa kinapopangishwa, yapasa kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu tangu siku ya kwanza, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Ikiwa kilichopangishwa ni sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta kubwa za nje, mifereji mikuu na mahali panapotumiwa na wote ni juu ya mwenye jengo. Kwa upande wake mpangaji yampasa alipe kodi kwa wakati, aitunze nyumba vizuri, na amruhusu mwenye nyumba aingie kuikagua baada ya kupewa taarifa.

Mkataba waweza kuongeza masharti mengine, ndiyo maana hapana budi kuusoma kabla ya kutia sahihi. Wako wenzetu waliotia sahihi karatasi ya kurasa nne kwa kuangalia mahali pa jina tu, na karani ndiye mtu ambaye hastahili kufanya hivyo, maana kila siku huwaambia wengine wasome kwanza.

Twafahamu pia kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na kwamba Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Anayetaka kuishtaki Serikali hana budi kwanza kutoa taarifa ya siku 90. Siku 90 ni nyingi kuliko dari lililolowa linavyoweza kuvumilia. Kwa hiyo shauri ni mlango wa mwisho. Mlango wa kwanza ni barua.

Kisa cha mwenzetu

Sasa twawaeleza kisa kimoja. Hatutamtaja mwenyewe, wala idara yake, wala mji wake. Yatosha kusema kwamba ni mtumishi kama sisi na alikaa katika nyumba ya umma.

Mwezi wa Novemba aliona duara la maji, la ukubwa wa sahani, juu ya dari la chumba cha watoto. Akaandika barua. Mwezi wa Januari duara lilikuwa kama sinia, na ukutani kumeota kuvu jeusi. Akaandika ya pili. Mwezi wa Februari mtoto wake mdogo alianza kukohoa usiku, naye akaandika ya tatu, akaambatanisha cheti cha zahanati. Kila alipokwenda kuuliza aliambiwa, “Linashughulikiwa.” Usiku mmoja wa Machi dari likaanguka lote juu ya kitanda cha watoto. Wakati ule watoto walikuwa wamelala chumba cha mama yao kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi ndicho kilichowaokoa.

Mwenzetu akaacha kulipa kodi kwa hasira. Baada ya miezi mitatu alipata barua kwa haraka ambayo hakuizoea: barua ya kudaiwa. Jambo likafika kwa wakubwa, jalada likaitishwa. Barua zake tatu zilikuwamo zote, zimetobolewa vizuri, zimepewa namba za folio kwa utaratibu, kila moja ina muhuri wa kupokelewa. Hakuna iliyopotea. Pembeni ya kila moja palikuwa na maneno mawili: “Weka jaladani.” Hakuna dokezo lililokwenda kwa mhandisi. Hakuna siku iliyotajwa ya kulikumbusha jambo hilo. Aliyeandika maneno yale mawili hakuwa adui wa mtu. Alikuwa na barua nyingi, na hii haikusema kwa mkubwa gani ipelekwe, naye akaiweka mahali panapowekwa barua. Lakini jalada likawa kaburi safi.

Tuyaone makosa yaliyomo katika kisa hiki pande zote mbili. Barua ya kwanza ya mpangaji ilisema tu kwamba “nyumba ni mbovu na naomba msaada wenu.” Haikutaja namba ya nyumba, wala chumba, wala kwamba ni dari, wala kwamba wanalala watoto. Na kuacha kulipa kodi kulimgeuza kutoka mdai akawa mdaiwa, hata siku ya kusikilizwa ilimlazimu aanze kujitetea kabla ya kudai. Lakini kosa la mpangaji lilikuwa la kutojua kuandika ombi. Kosa la ofisi lilikuwa la kutosoma cheti cha mtoto.

Habari ya Rochdale

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya ni ya nchi maskini. Tuvuke bahari basi, kama alivyovuka Martin Kayamba, karani wa Tanga, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, kisha akaandika habari za safari yake kwa Kiswahili.

Uingereza ni nchi ya baridi, na huko kuipasha nyumba joto si anasa. Sheria yao ya mwaka 1985 humlazimisha mwenye nyumba kutunza vyombo vya kutia joto na vya kuchemsha maji kama anavyotunza paa na kuta. Nyumba isiyo na joto la kutosha wala njia ya kutoa hewa yenye mvuke hupata unyevu, unyevu huzaa kuvu, na kuvu huingia kifuani mwa anayelala humo. Hivyo ugomvi wa nyumba za kupanga za umma katika nchi ile, kwa sehemu kubwa, ni ugomvi wa joto na unyevu. Nao huwafika pia Waafrika wenzetu waliohamia huko.

Katika mji wa Rochdale, karibu na Manchester, ilikaa familia moja kutoka Sudani katika nyumba ya shirika la nyumba la mji huo. Mwaka 2017 baba alitoa taarifa ya kuvu ukutani, akaambiwa apake rangi juu yake. Kuvu likarudi. Mwezi wa Julai 2020 mhudumu wa afya aliliandikia shirika kueleza wasiwasi wake. Familia ilikuwa imekwisha kumwendea wakili, na kwa desturi ya shirika lile, mpangaji akidai kwa sheria matengenezo yalisimama mpaka madai yamalizike. Tarehe 21 Desemba 2020 mtoto wao, Awaab Ishak, akafariki akiwa na umri wa miaka 2. Mwezi wa Novemba 2022 afisa wa uchunguzi wa vifo, Joanne Kearsley, alitoa uamuzi kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia ya pumzi uliosababishwa na kukaa muda mrefu penye kuvu. Shirika lenyewe likakiri kwamba lilikuwa limedhania sababu ni namna familia ile ilivyoishi, nalo halikupaswa kudhani.

Tazameni, Mabwana na Mabibi: hapo palikuwa na fedha, mafundi, simu na kompyuta. Taarifa zilikuwapo, na barua ya mhudumu wa afya ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuisoma barua ile na kuuliza, “Je, mtoto huyu analala wapi usiku wa leo?”

Baada ya msiba huo Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 2023, na fungu lake linaloitwa kwa jina la mtoto yule likaanza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Jambo la hatari ya papo hapo hushughulikiwa katika muda wa saa 24. Unyevu na kuvu lenye hatari kubwa huchunguzwa katika siku 10 za kazi. Mpangaji hupewa majibu ya uchunguzi kwa maandishi katika siku 3 za kazi. Na nyumba huondolewa hatari katika siku 5 za kazi baada ya uchunguzi. Ikiwa haiwezekani, familia hutafutiwa mahali pengine pa kukaa. Sheria hiyo kwa ndani yake ni nini? Ni siku iliyoandikwa pembeni ya barua, mahali ambapo katika kisa cha mwenzetu paliandikwa “Weka jaladani.”

Joto na baridi kwetu

Huku Tabora hatuna haja ya mashine za kutia joto. Taabu yetu kubwa ni jua. Nyumba ya bati isiyo na dari huwa tanuri saa nane mchana, na usiku wa Juni na Julai huwa baridi ya kuwaamsha watoto, kwa kuwa bati halizuii joto kuingia wala kutoka. Basi mpangaji anayeomba dari lirudishwe haombi urembo. Dari ndilo blanketi la nyumba na ndilo mwavuli wake.

Lakini sisi watumishi tu watu wa uhamisho. Leo Tabora, mwakani Njombe, au Makete, au Mbeya, mahali ambapo mwezi wa Julai mtu huvaa koti ndani ya nyumba. Katika nyanda za juu ziko nyumba za zamani zenye meko ukutani na dohani ya kutolea moshi. Dohani ikiziba, na kioo cha dirisha kikivunjika kikazibwa kwa boksi, mtumishi hufanya nini? Huchukua jiko la mkaa akalitia chumbani, akafunga mlango na madirisha, akalala. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu huipumua akidhani anapata joto. Kichwa humuuma, usingizi humzidi, na asubuhi haamki. Familia nzima zimekufa kwa njia hiyo.

Twasihi kila mwanachama alichukue neno hili hata kama atayasahau mengine yote: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Na karani atakayepokea barua isemayo “dohani imeziba” au “kioo cha dirisha kimevunjika,” aisome kama barua ya uhai na mauti.

Hoja ya fedha

Sasa tuwatendee haki wenye nyumba. Wao husema: kodi ni ndogo, wapangaji hawalipi, na wengine huharibu. Maneno hayo yana kweli ndani yake. Shirika la Nyumba la Taifa limetangaza mara nyingi majina ya wadaiwa sugu, na miongoni mwao zimo hata ofisi. Wako wapangaji wanaounga nyaya za umeme wenyewe, wanaojenga banda la kuku likaziba mfereji, na wanaongoja miaka miwili koki ikidondoka kwa kuwa “si nyumba yangu.” Kuosha, kung’oa majani katika mfereji wa paa, kubadili taa na kufungua dirisha ili mvuke wa chungu utoke si kazi za kuandikiwa barua.

Lakini kodi ndogo pasipo matengenezo ni akiba ya uongo. Tazameni Mji Mkongwe wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za pale zilikuja mikononi mwa Serikali, zikapangishwa kwa familia nyingi kwa kodi ndogo. Nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja maji hushuka ndani ya ukuta mnene, chokaa hulegea, vichwa vya boriti huoza, na sakafu ya juu huangukia ya chini. Wengine walijaribu kutengeneza kwa saruji. Saruji ikaufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, ubaya ukazidi. Nyumba kadha wa kadha ziliporomoka, hata mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi mji ule, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika katika urithi wa dunia. Kodi iliyosamehewa kwa miaka ishirini ililipwa kwa kuanguka kwa ukuta siku moja. Wazee walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo twakubali kwamba fedha haitoshi. Lakini kuijibu barua hakugharimu bati hata moja. Ofisi yaweza kumwambia mpangaji kweli: “Fedha haipo mpaka Julai, kwa sasa tunatuma turubai, na watoto wahamishwe chumba.” Jibu hilo si zuri, lakini mtu aweza kupanga maisha yake juu yake. “Linashughulikiwa” hakuna awezaye kulala chini yake.

Barua ya matengenezo iandikweje?

Barua njema ya matengenezo haina haja ya kupita nusu ukurasa. Itaje namba ya nyumba na mtaa, itaje kilichoharibika na chumba kilimo, itaje siku kilipoonekana kwanza, itaje hatari na nani analala hapo, itaje kinachoombwa, na itaje siku ambayo fundi aweza kuingia. Kwa mfano:

“Nyumba Na. ___, Mtaa wa ___. Tarehe ___. Bwana, bati la upande wa mashariki limetoboka juu ya chumba cha pili. Lilionekana tarehe ___. Dari limelowa na limeinama, na chumba hicho hulala watoto wawili. Naomba likaguliwe kabla ya tarehe ___. Mtu yupo nyumbani kila siku baada ya saa tisa. Naambatanisha picha.”

Mpangaji apeleke nakala mbili, ya pili igongwe muhuri na kurudi naye. Ikipita siku iliyotajwa aandike tena, akitaja tarehe ya barua ya kwanza. Aendelee kulipa kodi na kutunza stakabadhi, maana anayedai akiwa amelipa husikilizwa kwa adabu nyingine. Kama akitengeneza kwa fedha yake ili ikatwe katika kodi, apate kwanza kibali cha maandishi. Neno la mdomo la mkubwa huhama pamoja na mkubwa. Mali bila daftari, wasema watu, hupotea bila habari.

Na karani wa masijala afanye nini? Kwanza, asome mpaka mwisho. Pili, barua yenye maneno kama umeme, paa kuinama, choo kufurika, moshi au mgonjwa aipeleke siku ile ile kwa dokezo, wala asingoje barua nyingine zijae trei. Tatu, aandike katika daftari lake siku ya kulikumbusha jambo hilo. Nne, amjibu mpangaji kwamba barua imepokelewa, iko kwa nani, na jibu litoke lini. Karani hana bati wala misumari, lakini neno “Weka jaladani” liko chini ya kalamu yake.

Mapendekezo

Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na Kayamba na wenzake, nao walikuwa watu wa kalamu. Na makazi hayajapata kuwa jambo dogo kwa mfanya kazi: mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na katika madai yao makubwa ilikuwamo fedha ya nyumba. Twaona basi si nje ya kazi ya Chama chetu kuuletea mkutano huu mapendekezo matatu.

La kwanza, Chama kiweke daftari la nyumba za wanachama, lenye namba ya nyumba, mwenye nyumba, ubovu, tarehe ya barua, tarehe ya jibu na tarehe ya kutengenezwa. Barua ya mtu mmoja hudharauliwa. Ukurasa wenye nyumba ishirini zenye bati bovu la mwaka mmoja haudharauliki, tena humsaidia mhandisi mwenyewe kuomba fedha.

La pili, kila mwaka mwezi wa Septemba kamati ya watu watatu izungukie nyumba hizo pamoja na fundi, kabla ya mvua, kama wenye matembe walivyopanda juu ya paa zao.

La tatu, kila mwanachama aliye karani katika ofisi inayosimamia nyumba akubali mbele ya wenzake kwamba hakuna barua ya matengenezo itakayopita mezani kwake bila tarehe ya kukumbushwa. Jambo hili halihitaji sheria mpya wala kibali cha mkubwa, na laweza kuanza kesho saa moja na nusu asubuhi.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mapendekezo haya yajadiliwe na kupigiwa kura leo, na karatasi ya majina ya daftari ipitishwe kabla ya watu kutawanyika.